Faiba na miche ya ndani ya nyumba: jaribio la wiki tatu kwa familia na wanafunzi

Wakazi wengi wa miji yetu wanaishi katika vyumba ambavyo taa huwashwa hata saa sita mchana. Ghorofa ya jirani imeziba dirisha, ua hakuna, na mtu anayetaka sukuma wiki za kuchuma mwenyewe hubaki kupanda mbegu kwenye mkebe jikoni. Mbegu huota vizuri. Kufikia siku ya kumi miche imerefuka kama uzi, imepauka, kisha inalala chini. Mwenye mkebe hulaumu mbegu au udongo, kumbe miche imekosa mwanga.

Kebo za faiba zinazopitishwa kando ya barabara zimewafanya baadhi yetu waulize swali la maana: ikiwa uzi huu unabeba mwanga kutoka Mombasa hadi bara, mbona usibebe mwanga wa jua kutoka paani hadi kwenye mkebe wangu? Somo hili linajibu swali hilo, na linakupa jaribio la kufanya nyumbani au shuleni kabla hujatoa pesa zako.

Mwanga husafiri vipi ndani ya uzi?

Mwaka 1841 mwanafizikia Daniel Colladon wa Geneva, Uswisi, alionyesha kwamba mwanga unaweza kufuata mchirizi wa maji unaopinda. Mwanga ukigonga ukingo wa maji kwa kulalia, hautoki nje bali hurudishwa ndani, tena na tena, hadi mwisho wa mchirizi. Faiba hufanya vivyo hivyo kwa kutumia kioo au plastiki. Mwaka 1966 Charles Kao alieleza kuwa kioo kilicho safi sana kinaweza kubeba mawasiliano hadi mbali, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa.

Hata hivyo, faiba ya intaneti haifai kwa mimea. Sehemu yake inayobeba mwanga kwa kawaida ina upana wa mikroni 9 hivi, yaani nyembamba sana kuliko unywele. Inatosha kubeba habari, lakini haiwezi kuulisha mmea. Mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuumiza jicho la anayechungulia ndani ya uzi. Vipande vyake ni vioo vidogo vinavyoingia kwenye ngozi na ni vigumu kuviona. Kwa hiyo usiokote mabaki ya kebo barabarani, usimruhusu mtoto ayachezee, na usikate kebo iliyo kazini.

Kwa majaribio ya mwanga hutumika nyuzi za plastiki zilizo nene zaidi, kwa mfano za milimita 1. Ni nyuzi za aina hii zinazoonekana kwenye taa za mapambo zenye nywele zinazometameta nchani.

Hesabu ya mdomo wa uzi

Kanuni ya kushika ni moja: uzi hutoa ule mwanga tu ulioingia mdomoni mwake, tena ukiwa umepungua. Ni kama mfereji wa maji. Hata ukiurefusha vipi, hauongezi maji yaliyo kwenye tangi.

Tufanye hesabu. Mkebe wenye mdomo wa sentimita 10 una eneo la sentimita mraba 78.5. Uzi mmoja wa milimita 1 una eneo la milimita mraba 0.785. Ukifunga nyuzi 100 pamoja, unapata sentimita mraba 0.785. Hiyo ni sehemu moja kwa mia ya mdomo wa mkebe.

Jua kali la saa sita mchana hutoa mwanga wa karibu laksi 100,000. Laksi ni kipimo cha mwanga, na kwenye simu huandikwa lx. Jua hilo likiangaza moja kwa moja kwenye midomo ya nyuzi zako 100, kisha mwanga huo usambazwe kwenye mkebe wote, mkebe hauwezi kupata zaidi ya laksi 1,000. Hapo hatujatoa unaopotea njiani. Katika mita 10 za uzi wa plastiki, karibu thuluthi moja ya mwanga hupotea. Miche ya mboga za majani huhitaji laksi 10,000 au zaidi kwa saa nyingi za mchana ili ikomae ikiwa imara. Kwa hiyo nyuzi 100 zilizotolewa nje ya paa zitakupa, kwa makadirio mazuri kabisa, sehemu moja kwa kumi ya unachohitaji.

Waliofanikiwa walifanya nini?

Kuna waliofanikiwa. Nchini Japani, Kei Mori alibuni mtambo uitwao Himawari, neno la Kijapani lenye maana ya alizeti. Kama alizeti, mtambo huo huligeukia jua siku nzima, kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 za pembe kila saa angani. Lenzi zake hukusanya mwanga kutoka eneo pana na kuuelekeza kwenye nyuzi nyembamba. Zimepangwa ili sehemu kubwa ya miale ya joto isiingie kwenye uzi, na mwanga unaoingia ndani ya jengo huwa hauna ukali wa joto. Watafiti nchini Marekani, kwa ufadhili wa NASA, nao wamejaribu njia hii ya kukusanya jua na kulipeleka kwa mimea kupitia nyuzi, wakifikiria kilimo cha angani, ambako kila wati ya umeme ina thamani.

Tunajifunza kuwa kazi kubwa haifanywi na uzi. Inafanywa na kikusanyio kipana kinachofuata jua, na hicho ndicho ghali. Usijaribu kukiiga nyumbani kwa kutumia kioo cha kukuza, kwani jua lililokusanywa na lenzi huyeyusha plastiki na linaweza kuwasha moto.

Jaribio: mikebe minne

Utahitaji mikebe minne inayolingana yenye matundu chini, udongo wa aina moja, mbegu 40 za sukuma wiki au mchicha, maboksi mawili ya katoni, taa ya mezani yenye balbu ya LED ya wati 10, na kichane cha nyuzi za plastiki chenye urefu wa mita moja. Taa ya mapambo iliyoharibika inaweza kukupa nyuzi hizo.

1. Jaza udongo mikebe yote kwa kiasi kimoja. Panda mbegu 10 kila mkebe, kwa kina kimoja. Iandike A, B, C na D.

2. Mkebe A uweke dirishani penye mwanga zaidi nyumbani mwako.

3. Mkebe D uweke pembe ya chumba iliyo mbali na dirisha, chini ya balbu, umbali wa sentimita 15.

4. Mkebe B uweke ndani ya katoni iliyofungwa, karibu na D. Ingiza ncha za nyuzi kupitia tundu la juu, uzitawanye zitazame udongo. Midomo ya upande wa pili ifunge pamoja kwa mpira na uielekeze kwenye balbu ileile inayoangaza D, ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Usiigusishe na balbu, kwa sababu plastiki hii huanza kuharibika joto likifika karibu nyuzi 70 za Selsiasi.

5. Mkebe C uweke ndani ya katoni ya pili bila mwanga wowote. Toboa vitundu vidogo vya hewa kwenye katoni zote mbili, upande wa chini.

6. Washa taa saa kumi na mbili asubuhi, uizime saa mbili usiku. Mwagilia mikebe yote kwa vijiko vilevile vya maji. Zima taa kwanza, mikono ikiwa mikavu, na soketi isiwe mahali maji yanaweza kudondokea.

7. Siku ya 7, ya 14 na ya 21, pima urefu wa miche mitano kila mkebe kwa rula. Hesabu majani halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza. Andika rangi ya majani na kama shina linasimama lenyewe.

Ukiwa na simu yenye programu ya kupima mwanga, iweke mahali mche ulipo na uandike laksi. Namba hiyo si kamilifu, lakini inatosha kulinganisha mkebe na mkebe.

Kusoma matokeo

Usidanganywe na wiki ya kwanza. Mbegu huota kwa chakula kilichohifadhiwa ndani yake, kwa hiyo hata mkebe C ulio gizani utaota, na huenda miche yake ikawa mirefu kuliko yote. Urefu huo ni wa kutafuta mwanga. Hukumu ya kweli huanza siku ya 14, akiba ya mbegu ikiwa imekwisha. Mche mzuri huwa mfupi, wa kijani, wenye shina nene na majani halisi.

Linganisha hasa B na D. Inatumia balbu moja na saa zilezile. Tofauti yake itakuonyesha mwanga uliopotea kwa kupitishwa ndani ya uzi. Ukitaka kuendelea, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ongeza idadi ya nyuzi maradufu, au tumia nyuzi za mita tatu badala ya moja. Kwa wanafunzi wanaotayarisha mradi wa sayansi, andika matokeo kama yalivyo. Nyuzi zikishindwa na ukaweza kueleza sababu kwa namba, hilo ni somo kamili.

Pesa zako zianzie wapi?

Kwanza, tumia dirisha. Sogeza mkebe karibu na kioo, ugeuze kila siku, na weka kadibodi nyeupe nyuma yake irudishe mwanga. Pili, kwa nyumba ya mabati, fikiria bati la plastiki linalopitisha mwanga. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza. Tatu, tumia balbu ya LED. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 14 kwa siku hutumia yuniti 4.2 kwa siku 30. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye tokeni zako, kisha ulinganishe na bei ya mboga utakayovuna.

Faiba huja mwisho, pale tu ambapo kuna sababu ya kuitenga taa na mmea: mahali penye maji mengi ambapo stima ni hatari, au penye nafasi ndogo ambayo joto la taa lingeunguza majani. Mtu akija kukuuzia nyuzi za kukuza mboga, muulize maswali mawili: kikusanyio cha jua kina upana gani, na mmea utapata laksi ngapi saa sita mchana? Akishindwa kuyajibu, pesa zako zibaki mfukoni.

Ukishapata mahali penye mwanga wa kutosha, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako akushauri kuhusu mbegu, udongo na nafasi ya kupanda. Nenda na daftari lako la siku 21, kwa sababu namba ulizopima zitamwonyesha hali halisi ya chumba chako.