Thamani ya Reale ya Kale

Mwenye kurithi reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, asighurike na mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Bibi huyo alifariki mwaka huo, na reale zilizopigwa chapa baada yake, hata katika karne ya 20, zilibakishiwa tarehe ile ile. Basi tarehe si ushahidi wa ukale.

Kwanza ipimwe. Reale kamili ina gramu 28.07, katika sehemu zake 1000, sehemu 833 ni fedha safi, yaani gramu 23.39. Hizo zizidishwe kwa bei ya gramu moja siku hiyo: ndiyo thamani ya chini. Kisha aonyeshwe mjuzi wa sarafu, kwani chapa za zamani huzidi bei. Wala isisuguliwe, kusugua hupunguza thamani.

Msimamizi wa mali ya yatima asiiuze kwa kukisia: mizani kwanza, bei baadaye.