Kangaga Lipi? Jina la Kisayansi na Usalama wa Mgonjwa

Mgonjwa anapomweleza tabibu wa zahanati kuwa amekunywa maji ya majani ya kangaga, bado hajamweleza amekunywa nini. Kangaga ni jina la jumla la mimea isiyotoa maua wala mbegu, ambayo huzaliana kwa chembe ndogo ziitwazo spora. Duniani zipo aina zaidi ya 10,000 za mimea hiyo, na hazilingani kwa usalama.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi hupatikana kangaga la mikokoni, Acrostichum aureum. Huota kwenye tope lenye maji ya chumvi na huweza kupita kimo cha mtu. Vijani vya sehemu ya juu ya jani lake hufunikwa na spora za rangi ya kutu upande wote wa chini.

Aina nyingine, Pteridium aquilinum, hustawi zaidi katika nyanda za juu, hasa penye ardhi iliyochomwa moto. Jani lake lina umbo la pembetatu, limegawanyika mara kadhaa, na spora zake hujipanga ukingoni. Hili lina sumu iitwayo ptakwilosidi. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu na kupata saratani ya kibofu, na sumu hiyo huweza kupita katika maziwa. Aidha, mmea huu una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Jina la kisayansi huwa na maneno mawili: la kwanza, lenye herufi kubwa, hutaja jenasi, la pili, lenye herufi ndogo, hutaja spishi. Majina haya nayo hurekebishwa. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea huo wa pili Pteris aquilina. Mwaka 1879 Kuhn aliuhamishia jenasi ya Pteridium, katika vitabu vya safari za Afrika Mashariki za von der Decken, Mjerumani aliyeanza safari ya kuelekea Ziwa Nyasa kutoka Kilwa mwaka 1860. Hivyo, anayekuta jina la kale kitabuni atambue kuwa mmea ni uleule.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa bila kumkaripia, kwani anayeogopa kukemewa huficha. Aandike jina la kienyeji, mahali mmea ulipochumwa, kiasi kilichotumika na siku zilizopita. Aombe aletewe jani zima, lisilopondwa, na alipige picha pande zote mbili. Utambuzi uachiwe mtaalamu wa mimea.

Mgonjwa naye asiache dawa za hospitali kwa ajili ya majani asiyoyajua kwa hakika. Akiona damu katika mkojo, awahi kituo cha afya, akiwa na jani lenyewe mkononi.