Kuvuka Likoni: Somo la Usanifu wa Kihandisi

Wanafunzi wa uhandisi hujifunza mapema kukokotoa uwezo wa nguzo. Kuchagua ndiko kugumu, na mfano mzuri upo Likoni, Mombasa.

Feri inaziachia nafasi meli ziendazo bandari ya Kilindini, lakini foleni yake inajulikana. Daraja linaloelea, lililojengwa mwaka wa 2020, lilibuniwa kwa waendao kwa miguu pekee, na lilihitaji kufunguliwa ili meli ipite. Daraja la juu lingepunguza foleni ya magari, ila lazima lipite juu ya milingoti ya meli. Miinuko yake huwa mirefu na gharama hupaa. Barabara ya Dongo Kundu inazunguka kisiwa, hivyo humfaa mwenye lori kuliko anayefanya kazi mjini.

Mwalimu alipe darasa vigezo viwili na alama za mfano, 1 hadi 5. Gharama: feri 4, daraja la juu 1. Muda wa magari: feri 2, daraja 4. Gharama ikipewa uzito wa 6 na muda 4, feri inashinda kwa 32 dhidi ya 22. Uzito ukiwa 3 na 7, daraja linashinda kwa 31 dhidi ya 26. Baharini hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana uzito hukubaliwa kabla ya alama. Vinginevyo mtu ataupanga upate jibu alilolitaka tangu mwanzo. Na anayevuka kwa miguu, ambaye halipi nauli ya feri, hayumo kabisa katika hesabu hiyo. Darasa liende kivukoni asubuhi, liwahesabu, liongeze kigezo cha tatu, kisha likokotoe upya.