Dakika 45 za Kocha: Mazoezi na Vikao Kabla ya Giza



Tangu Januari 2023, shule nchini Rwanda huanza masomo saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni. Hatuna neno na utaratibu huo, ila umembakishia wakati mfupi mno kocha anayefundisha baada ya shule. Hapa Kigali jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta, giza halichelewi kufuata. Mtoto akishabadili nguo na kupanda kilima hadi uwanjani, tayari ni saa kumi na moja na robo. Kocha amebakiwa na dakika 45.

Jambo hili linatuhusu sisi polisi kwa sababu iliyo wazi. Saa hiyohiyo ya kumi na moja ndiyo maofisi yanapofungwa, na barabara hujaa magari, mabasi na pikipiki za watu wenye haraka ya kufika nyumbani. Mtoto anayetoka uwanjani saa moja usiku hukutana na msongamano huo huku dereva hamwoni vizuri. Katika kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019 na ambayo jina lake lamtakia msafiri afike kwa amani, tumewasemesha sana madereva. Leo tunasema na mwenye filimbi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tuliwahi kualikwa na timu moja ya watoto ili tuwaeleze habari za usalama barabarani. Tuliahidiwa dakika 10 baada ya mazoezi. Kabla yetu kocha alichambua mechi iliyopita, mzazi mmoja akaeleza suala la jezi kwa kirefu, na mgeni mwingine akatoa nasaha zake. Tulipopewa nafasi, nyuso za watoto hazikuonekana tena. Hata hivyo tulisema yote tuliyoandaa, bila kupunguza hata neno. Basi tukawa tumewafundisha watoto kuvuka barabara kwa usalama, kisha tukawaachia wavuke gizani. Ilitubidi tuwasindikize makundi kwa makundi, nasi tulikuwa wawili tu.

Tangu siku hiyo tumewatazama kwa makini makocha wanaomaliza kwa wakati, na tumegundua kwamba kazi yao kubwa hufanyika kabla watoto hawajafika. Koni zimekwisha kupangwa, mipira imejazwa upepo, na karatasi ya mazoezi imo mfukoni. Nahodha huandika mahudhurio wenzake wakipasha misuli moto. Kocha wa namna hiyo huchagua jambo moja la kufundisha kwa siku, tuseme kupokea mpira na kugeuka, na mengine huyaahirisha hadi mwisho wa juma.

Kuhusu vikao, kocha ana kielelezo ambacho watu wa fani nyingine hawana. Kanuni za mpira wa miguu zinasema mapumziko ya katikati ya mechi yasizidi dakika 15. Ukiondoa kutembea, kunywa maji na kufunga jeraha, mwalimu hubaki na dakika tano au sita, na ndani yake hubadilisha mchezo. Hutaja mambo mawili, humwita kila anayehusika kwa jina, kisha wote hurudi uwanjani. Twashangaa basi kumwona mtu huyohuyo akitumia saa nzima kuzungumzia nauli ya safari moja! Kikao cha jioni na wachezaji kichukue dakika tano, tena kiwe mwanzoni, kukiwa bado na mwanga. Taarifa isiyohitaji kujadiliwa ipelekwe kwa wazazi kwa ujumbe wa simu. Mgeni naye, hata akiwa na sare kama yetu, aambiwe saa yake na akatizwe ikifika.

Kikao cha wazazi ni jambo zito zaidi, nacho chahitaji siku yake. Msikiweke Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi: Umuganda huanza saa mbili hadi saa tano, na baada yake wakazi hukaa kujadili mambo ya mtaa. Jumapili ya siku isiyo na magari, barabara zilizotengwa hufungwa saa moja hadi saa nne asubuhi, na wazazi wengi hutoka kufanya mazoezi. Muda baada ya hapo waweza kufaa, isipokuwa kwa wanaokwenda kanisani. Ijumaa adhuhuri, hasa Nyamirambo na Biryogo, ni wakati wa msikiti. Waulizeni wazazi kwanza. Kikao kilichoitwa bila kuuliza huhudhuriwa na watu sita, kisha hurudiwa.

Tunaomba jambo moja zaidi. Daftari la mahudhurio liwe na safu mbili, ya kufika na ya kuondoka. Filimbi ya mwisho ipulizwe saa kumi na mbili kasoro dakika 10. Wanaoelekea njia moja waondoke pamoja, mkubwa akiwa na wadogo, na kocha msaidizi asiondoke uwanjani mpaka safu ya pili ijae.