Chanjo ya Ndigana Kali Yatoka Wapi?

Ukitoka Nairobi mjini kwa matatu hadi Uthiru, utaona ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Mbele yake ni Muguga. Hapo, miaka ya 1970, watafiti wa Afrika Mashariki wakisaidiwa na FAO walibuni chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaotumalizia ng'ombe wa gredi. ILRI iliiendeleza; sasa hutengenezwa Lilongwe, Malawi.

Ng'ombe hudungwa mara moja tu: vijidudu hai, pamoja na dawa ya kuvizuia visimwue. Lakini mrija mmoja ni wa ng'ombe kama 40, na ukishayeyushwa haulali. Mwenye ng'ombe mmoja atafanyaje? Tunawaomba mhesabu ng'ombe wa kikundi kizima, ndipo mmwite daktari. Na kunyunyizia dawa ya kupe msiache. Magonjwa yao mengine chanjo hii haiyazuii.