JUA HAKI ZAKO: Wakikuambia "sheria inaruhusu miaka 15"

Kwenye vikao vya posa, iwe Kishapu, Kahama au kwenye machimbo ya Geita, hakosekani mtu wa kutuliza wenzake: binti wa miaka 15 anaolewa kihalali, mradi mzazi aridhie. Chanzo cha kauli hiyo ni vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Ila mahakama imeshavikataa vifungu hivyo mara mbili.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu, wakili wake akiwa Jebra Kambole. Hakuhitaji kuwa ameozwa yeye mwenyewe. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Hoja yake: kumtaka mvulana afikishe miaka 18 na msichana 15 tu ni ubaguzi. Nje ya mahakama, wanaharakati walikuwa wakipaza sauti kwa takwimu za Serikali yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga iliongoza nchini: kati ya kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18.

Julai 8, 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria, umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hata hivyo, hadi mwisho wa 2024 Bunge lilikuwa halijavibadili vifungu hivyo.

Je, miaka 15 bado ni halali?
Soma ibara ya 30(5) ya Katiba. Mahakama ikiipa Serikali muda wa kurekebisha sheria, sheria hiyo huendelea kuwa halali hadi irekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia. Hata ukihesabu kuanzia 2019, mwaka mmoja umeshapita. Anayekuonyesha kitabu cha 1971 mwonyeshe hukumu.

Binti akiwa mwanafunzi
Hapa sheria yenyewe ilibadilishwa, mwaka huohuo wa 2016. Sheria ya Elimu inakataza kabisa kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Adhabu ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo, awe mzazi au mshenga, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili.

Akiwa ameacha shule
Wengi wanaohangaika machimboni wako hapa, na hapa ndipo penye pengo. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni ubakaji kufanya ngono na binti aliye chini ya miaka 18, hata akikubali, isipokuwa akiwa mke wa mhusika na ametimiza 15. Ndiyo maana kuirekebisha Sheria ya Ndoa si suala la karatasi tu: maadamu kifungu cha ndoa bado kimo kitabuni, mtu mzima anaweza kukitumia kama kinga dhidi ya jinai.

Ufanye nini
- Toa taarifa kabla mahari haijapokelewa: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii, au simu ya bure 116.
- Omba msaada wa kisheria bila malipo. Upo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.
- Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu. Peleka hoja ya sheria ndogo dhidi ya ndoa za utotoni. Halmashauri ya kijiji ikiipitisha, huenda wilayani kuidhinishwa.
- Mbane mbunge wako. Ibara ya 21 ya Katiba inakupa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayokuhusu.

Kuhusu mahakama, jambo moja lilibadilika baada ya shauri la Gyumi. Marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kwa masharti hayo, mwanaharakati wa Dar es Salaam hakuweza tena kusimama peke yake kwa niaba ya wengine kama alivyofanya Gyumi. Shauri lijalo litakuwa na nguvu zaidi likiletwa na mwanamke wa Shinyanga au Geita aliyeozwa akiwa mtoto, pamoja na majirani walio tayari kusimama naye.