Mimea Katika Chungu Kimoja: Uzuri Utokanao na Ujirani Mwema

Mtu aishiye katika nyumba ya ghorofa mjini Dar es Salaam au Mombasa aghalabu hana ardhi ya kufanyia bustani. Hata hivyo, kibaraza au roshani yake yaweza kupambwa kwa maua yaliyopandwa katika vyungu na madebe. Linalowashinda wengi si kuotesha mmea mmoja, bali kuchanganya mimea kadhaa katika chombo kimoja ikapendeza na kudumu. Mara nyingi chungu huvutia kwa majuma machache tu. Kisha mmea mmoja hunyauka, mwingine huoza, na mwenyewe hudhani kwamba mkono wake hauna baraka. Kumbe kosa lilifanyika siku ile ya kuchagua mimea.

Ujirani wa mizizi

Katika ardhi ya wazi mizizi hutawanyika kutafuta maji na chakula. Ndani ya chungu haina pa kwenda. Mimea yote hunywa maji yale yale na kupata jua lile lile. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kulinganisha mahitaji ya mimea kabla ya kulinganisha rangi zake.

Tuseme kangaga limepandwa pamoja na mshubiri. Kangaga hupenda kivuli na unyevu. Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake manene, na mizizi yake huoza ikilowa kwa siku nyingi. Hakuna kipimo cha maji kitakachoifaa mimea yote miwili. Mmoja lazima utaumia.

Mahali pa jua kali pafaa waridi la jangwani, Adenium obesum, liotalo lenyewe katika nyika za Kenya na Tanzania. Laweza kupandwa pamoja na mishubiri midogo na portulaka itambaayo. Ikumbukwe tu kwamba utomvu wa waridi hilo una sumu, hivyo chungu kiwekwe mbali na watoto. Penye kivuli pafaa Impatiens walleriana, ua ambalo asili yake ni Afrika Mashariki, likichanganywa na kangaga na begonia.

Umbo na rangi

Mahitaji yakisha kulingana, ndipo jicho hupewa nafasi yake. Mmea mmoja mrefu huwekwa katikati, au nyuma ikiwa chungu kimeegemezwa ukutani. Mifupi yenye majani mengi huuzunguka, na itambaayo hupandwa ukingoni ili ining'inie. Rangi zilizo mbalimbali sana, kama zambarau na manjano, huchangamshana. Aidha, wakati wa kutazama nao una maana. Giza linapoingia, jicho la binadamu huanza kupoteza rangi nyekundu, na ua jekundu huonekana kama jeusi. Wale wapumzikao barazani jioni watafaidi zaidi maua meupe, kama vile asumini, ambayo pia hunukia vizuri saa hizo.

Kosa la kokoto

Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakiamini kwamba zitaharakisha maji kutoka. Elimu ya udongo yaonyesha kinyume chake. Maji hushikwa katika vitundu vyembamba baina ya chembe za udongo, wala hayaingii katika nafasi pana za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba. Tabaka lililoshiba maji haliondolewi na kokoto. Hupandishwa tu karibu zaidi na mizizi.

Jambo hilo laweza kuthibitishwa kwa sponji ya mstatili ya kuoshea vyombo. Ilowekwe, kisha ishikwe kwa ubapa mpaka iache kudondosha maji. Halafu isimamishwe kwa urefu: maji yataanza kudondoka tena. Vivyo hivyo, udongo wenye kina hujitoa maji vizuri zaidi kuliko udongo wa chombo kifupi. Yatosha basi kutoboa matundu, kuweka kigae kimoja cha kuzuia udongo usitoke, na kujaza mchanganyiko mwepesi wa udongo, mboji na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa chumvi.

Mizizi huhitaji oksijeni. Inapozama, hushindwa kufanya kazi, na majani hulegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenyewe naye huongeza maji, na hivyo kuua alichotaka kuokoa. Yafaa kwanza kutia kidole udongoni. Mmea unaonyauka ilhali udongo wake umelowa hauombi maji, bali hewa.

Chungu au debe?

Chungu kisichopakwa rangi hupitisha unyevu katika kuta zake, na unyevu huo ukikauka hukipoza, kama mtungi upozavyo maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo hukauka upesi na huhitaji kumwagiwa maji mara nyingi zaidi. Debe hutunza maji, lakini likipigwa na jua hupata joto kali liwezalo kuunguza mizizi. Lipakwe rangi nyeupe, au likingwe na vyungu vingine.

Hatari iliyo chini ya chungu

Kisahani kilichojaa maji chini ya chungu huweza kuwa mazalio ya mbu Aedes aegypti, aenezaye homa ya dengue. Homa hiyo iliikumba Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Katika joto la pwani, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hadi mawili. Kisahani kimwagwe maji na kusuguliwa kila juma, kwa kuwa mayai hunata kwenye kuta zake hata maji yakimwagwa.

Ni dhahiri, basi, kwamba chungu kizuri hakianzi kwa rangi ya maua. Huanza kwa kujua kila mmea wataka nini, na kuupatia majirani watakao kama utakavyo.